Siri Ndiyo Ishushayo Bei ya Gari Lililogongwa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangalikuwa hai leo na kujaribu kuuza gari lililowahi kupata ajali, yamkini wangaliitia methali hiyo kiraka.

Mwaka 2022 niliamua kuuza gari langu aina ya Toyota Premio lililoundwa mwaka 2010, ambalo nilikuwa nimelitumia kwa miaka mitano. Bei niliyoitaka ilikuwa Sh1,150,000, na wajuzi wa soko waliniambia kwamba hiyo ilikuwa bei ya haki. Jumamosi moja asubuhi bwana mmoja alifika nyumbani kwangu mtaani Buruburu, Nairobi. Alilizunguka gari mara tatu, akafungua boneti, akawasha injini na kuisikiliza kwa makini kama daktari asikilizaye kifua cha mgonjwa. Uso wake ulionyesha kuridhika. Alikuwa tayari ameanza kuuliza juu ya namna ya kulipa nilipomweleza kwamba mwaka 2021, karibu na Gilgil katika barabara kuu ya Nakuru, lori lilinigonga kwa nyuma, na kwamba gari lilitengenezwa kwa gharama ya Sh235,000.

Papo hapo hali ilibadilika. Bwana yule aliufunga mlango wa gari polepole, kama mtu afungaye mlango wa chumba chenye maiti, akaniaga kwa heshima na kwenda zake. Alikuwa mnunuzi wa tatu kufanya hivyo. Wa nne hakuondoka, lakini alitaka nimwachie kwa Sh850,000, yaani Sh300,000 chini ya bei yangu, ilhali matengenezo yenyewe hayakufikia kiasi hicho.

Dalali aliyekuwa akiniletea wateja alinivuta kando akiwa amekasirika. "Mzee wangu," aliniambia, "ni nani aliyekuuliza habari za ajali? Gari limenyooka, rangi inang'aa. Wewe mwenyewe ndiwe unayelitilia sumu."

Maneno ya dalali huyo yamenikaa moyoni tangu siku ile, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Katika soko letu la magari yaliyotumika, mwenye kusema ukweli huadhibiwa na mwenye kunyamaza hutuzwa. Nami nataka kudai leo kwamba hasara kubwa ya gari lililogongwa haitokani na nyundo ya fundi wala na rangi mpya. Hutokana na siri. Mnunuzi asiyejua kilichovunjika na kilichotengenezwa hulazimika kukisia, na mtu akisiaye hukisia mabaya zaidi.

Hebu tuanze na ajali yenyewe, maana si kila gari lililogongwa ni sawa na jingine. Gari, kama mwili wa binadamu, lina ngozi na lina mifupa. Bampa, milango, boneti, mfuniko wa buti na taa ni ngozi. Vitu hivi hufungwa kwa bolti au bawaba, na kikiharibika kimoja hung'olewa na kingine kikatiwa mahali pake bila ya gari kupungukiwa na nguvu yoyote. Mifupa ni kiunzi, yaani zile nguzo zishikiliazo paa, mihimili ya mbele na ya nyuma, pamoja na sakafu. Malori na pikapu nyingi huwa na chesisi ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi, lakini katika magari madogo ya kawaida bodi yenyewe ndiyo kiunzi. Hivyo basi, ikipinda imepinda gari zima.

Isitoshe, kiunzi cha gari la siku hizi hakikuundwa kiwe kigumu kila mahali. Sehemu ya mbele na ya nyuma zimeundwa kwa makusudi zikunjamane wakati wa kugongwa, ili zimeze ule mshindo kabla haujawafikia waliomo ndani. Sehemu iliyokwisha kukunjamana mara moja, kisha ikanyooshwa kwa moto na nyundo, haiwezi kuaminiwa kukunjamana vile vile mara ya pili. Aidha, baadhi ya vyuma vigumu vitumiwavyo katika viunzi hivyo hupoteza nguvu vikichomwa kwa moto mkali. Macho huona bodi iliyonyooka. Nguvu iliyopotea haionekani.

Kuna pia mifuko ya hewa ambayo hufumuka kumkinga dereva na abiria. Mfuko uliofumuka umekwisha kazi yake na sharti uwekwe mwingine. Kwa kuwa mfuko mpya ni ghali, wapo watu ambao huziba tu kifuniko cha usukani, wakaiondoa ile taa ndogo ya onyo katika dashibodi ili isimsengenye muuzaji. Mnunuzi wa gari kama hilo huondoka akiamini kwamba amenunua kinga, kumbe amenunua kifuniko.

Simwandami fundi. Mtu yeyote aliyewahi kupita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, ameona mafundi wa jua kali wakiligeuza gari lililokuwa kama karatasi iliyofinyangwa likawa kitu cha kutamanika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wao hawakupita katika chuo chochote, na mikono yao ni hazina ya taifa hili. Lakini fundi hufanya kazi aliyotumwa na kulipwa. Mwenye gari akimwambia, "Nataka lionekane," atalifanya lionekane. Akimwambia, "Nataka liwe salama," na awe tayari kulipia vipuri na vipimo, atalifanya liwe salama. Kwa bahati mbaya, rangi hufunika kazi zote mbili kwa namna moja, na mnunuzi hana njia nyepesi ya kuzitofautisha.

Tatizo hili lina mlango mwingine mkubwa zaidi, nao ni ule wa magari ambayo kampuni za bima zimeyakatia tamaa. Mtu mwenye bima kamili akipata ajali, mkaguzi hukadiria gharama ya matengenezo. Gharama hiyo ikipita kikomo fulani, ambacho mara nyingi huwa ni nusu ya thamani ya gari, kampuni huona ni afadhali imlipe mwenyewe thamani yake na kulichukua gari lililoharibika. Mabaki hayo hayatupwi. Huuzwa kwa zabuni au mnada, na baadhi yake hurudi barabarani yakiwa na bodi iliyounganishwa na rangi mpya. Hakuna ubaya wowote katika kuuza mabaki. Ubaya ni kwamba hati ya usajili itakayomfikia mnunuzi wa mwisho itamwambia rangi ya gari, nambari ya injini na ya chesisi, na mwaka lilipoundwa. Haitamwambia kwamba wataalamu waliwahi kuliangalia gari hilo wakaamua kuwa halifai kutengenezwa.

Hapa ni lazima nikiri jambo ambalo ndilo lililonifanya niwe mkaidi mbele ya dalali wangu. Miaka kadhaa kabla ya ajali yangu, shemeji yangu alinunua gari katika yadi moja jijini. Lilikuwa linameremeta. Baada ya miezi mitatu magurudumu ya mbele yalikuwa yamelika upande wa ndani, na usukani ulikuwa ukivuta kushoto hata katika barabara iliyonyooka. Fundi alipolipandisha juu na kung'oa zulia, aliona mstari wa kuchomelea uliokatiza sakafu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Magari mawili yaliyogongwa yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Shemeji alirudi yadini, akaambiwa kwamba alilikagua gari kwa macho yake na kutia sahihi kwamba amelipokea jinsi lilivyo. Je, alifanya nini? Alinunua magurudumu mapya, akalisafisha, akaliuza kimya kimya kwa kijana mmoja aliyekuwa ameoa karibuni. Nami nilikuwapo siku hiyo. Nilikunywa chai na kijana huyo, nikamwona akihesabu pesa, na sikutamka neno. Nilijiambia kwamba gari si langu na kwamba si vyema kumwaibisha shemeji nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo siri ya ajali inavyosafiri. Aliyeuziwa hasara huona kwamba njia pekee ya kujiokoa ni kuipakia juu ya mabega ya mwingine, na mwingine naye hutafuta bega jingine. Mwishowe itamwangukia mtu ambaye hana wa kumuuzia, pengine usiku, katika mteremko, akiwa na watoto kiti cha nyuma.

Wasomi wa uchumi walikwisha kuliona jambo hili zamani. Mnamo mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala akitumia mfano wa soko la magari yaliyotumika. Alieleza kwamba muuzaji anapojua hali ya gari na mnunuzi haijui, mnunuzi hutoa bei ya wastani tu, kwa kuwa anahofia kuuziwa bovu. Bei hiyo humkatisha tamaa mwenye gari zuri, naye huliondoa sokoni. Magari mazuri yakiondoka, wastani hushuka, na bei hushuka tena, hadi soko linabaki na mabovu. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa, pamoja na wenzake wawili, Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Bibi zetu walilisema hilo bila ya kungoja tuzo: samaki mmoja akioza, wote huoza.

Kuna wanaodai kwamba hili ni jambo lisiloepukika. Sikubaliani nao, kwa sababu nchi nyingine zimeliepuka kwa kiasi kikubwa. Tuitazame Japani, ambako magari yetu mengi yalitumika kwanza kabla ya kuvuka bahari. Huko gari linapopelekwa mnadani, mkaguzi huliandikia karatasi yenye maksi na mchoro. Gari ambalo kiunzi chake kiliwahi kutengenezwa hupewa alama ya R au RA, na bei yake hushuka. Lakini gari lililobadilishwa mlango au bampa tu halipewi alama hiyo. Kasoro zake huonyeshwa katika mchoro kwa herufi ndogo ndogo, ili mnunuzi ajue ni ngozi iliyoguswa wala si mifupa. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2017, huyagawa magari yaliyokatiwa tamaa na bima katika makundi manne. Kundi A ni la kusagwa lote, B ni la kutolewa vipuri huku bodi ikisagwa, S ni yaliyoumia kiunzi lakini yanaweza kutengenezwa, na N ni yale ambayo kiunzi chake hakikuguswa.

Linganisha hayo na yetu. Hapa kwetu kanuni za shirika la viwango haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na gari hukaguliwa kabla ya kusafirishwa ili kuthibitisha kwamba linafaa barabarani. Hayo ni mema. Lakini ile karatasi ya mnada iliyoandikwa Japani kwa uangalifu mkubwa ni nadra kumfikia mwalimu wa Kakamega au mfanyabiashara wa Machakos anayelinunua gari yadini. Gari huondoka Yokohama likiwa na historia, likateremka Kilindini likiwa halina.

Katika hali hii mnunuzi afanye nini? Kwanza, asilikague gari jioni, wala likiwa limetoka kuoshwa, maana maji huficha mawimbi ya bodi. Atazame nafasi zilizo kati ya mlango na bodi, na kati ya boneti na taa. Zikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, aulize sababu. Atazame vichwa vya bolti zishikazo boneti na milango kama vimekwaruzwa na spana. Asome alama zilizochapwa katika pembe za vioo, kwa kuwa kioo kilicho na alama tofauti na wenzake kilibadilishwa. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa na kuipitisha juu ya mabati. Pale itakapokataa kushika, huenda chini ya rangi pamejazwa unga wa kuzibia mabonde. Akumbuke tu kwamba sumaku haishiki plastiki wala alumini, kwa hiyo asilihukumu bampa kwa kipimo hicho. Mwisho, afungue swichi na kuhakikisha kwamba taa ya mifuko ya hewa inawaka kwa muda mfupi kisha inazimika. Isipowaka kabisa, kuna jambo.

Baada ya hayo yote, amlipe mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji, awe wa chama cha wenye magari cha AA au mwingine mwenye ujuzi. Malipo yake ni madogo yakilinganishwa na bei ya gari, seuze na bei ya uhai.

Nawe muuzaji, tunza ushahidi. Gari likigongwa, lipige picha kabla ya kupelekwa gereji, wakati wa kutengenezwa, na baada ya kazi kukamilika. Weka ripoti ya mkaguzi wa bima, stakabadhi za vipuri, na vipimo vya ulinganifu wa magurudumu. Karatasi hizo hazitafuta ajali, lakini zitaipa mipaka. Mnunuzi atajua kwamba uharibifu ulianzia hapa na kuishia pale.

Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyouza gari langu hatimaye. Wiki ya sita alifika mama mmoja, muuguzi, akiwa na fundi wake. Nilimwambia habari za Gilgil kabla hajaligusa gari, nikamkabidhi faili. Alikaa barazani akaisoma ukurasa baada ya ukurasa, huku fundi akiwa amelala chini ya gari. Ripoti ilionyesha kwamba zilizobadilishwa ni bampa, mfuniko wa buti na taa mbili, na kwamba kiunzi kilipimwa kikapatikana hakijapinda. Fundi alipotoka uvunguni alitikisa kichwa kukubaliana na karatasi. Tulielewana kwa Sh1,040,000.

Dalali alinicheka. "Umepoteza laki moja na elfu kumi, Mzee wangu, kwa ajili ya mdomo." Ni kweli nilizipoteza, nazo ziliniuma, kwa maana bima ililipa matengenezo lakini hakuna aliyenilipa thamani iliyopungua. Hata hivyo, ile ilikuwa hasara ya ajali yangu. Kama ilikuwa lazima mtu aibebe, haikufaa abebeshwe muuguzi ambaye hakuwapo Gilgil.

Lakini tusiiache haki itegemee dhamiri ya muuzaji mmoja mmoja. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya kumlinda mtumiaji bidhaa ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Haki hizo zinahitaji chombo cha kuzitekeleza, na chombo hicho ni kidogo tu. Kampuni za bima tayari zinajua ni magari gani zimeyakatia tamaa. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, tayari inaweka daftari la kila gari. Kinachotakiwa ni habari hizo kutoka upande mmoja zifike upande wa pili, na kuandikwa katika hati ya usajili kwa makundi machache yanayoeleweka: limeumia ngozi, limeumia mifupa, au halifai kurudi barabarani.

Najua zitakuwapo pingamizi. Kampuni za bima zitasema kwamba mabaki yatauzwa kwa bei ya chini na ada za bima zitapanda. Mafundi wataogopa kukosa kazi. Kwa wa kwanza nasema kwamba faida itokanayo na mnunuzi kutojua anunuacho haikuwa halali yao tangu mwanzo. Kwa mafundi nasema kwamba wao ndio watakaonufaika zaidi. Leo kazi ya fundi hodari na ya fundi mlipuaji huuzwa kwa bei moja chini ya rangi moja. Siku ambayo kazi itakaguliwa na kuandikwa, fundi hodari atapata jina, na jina huleta wateja.

Kuhusu gari la shemeji, sijui liko wapi siku hizi. Nambari yake ya usajili bado ninaikumbuka, na kila niwapo barabarani macho yangu hulitafuta katika magari yanayopita. Nikiliona, nitamsimamisha dereva wake na kumwambia nilichopaswa kumwambia yule kijana siku ile tulipokunywa chai.